Saa Moja Usiku Kila Mtu ni Waziri wa Nishati

Nchi hii ya Tanzania ina mawaziri wa nishati wengi kuliko nguzo za umeme. Subiri ukatike tu. Mzee wa kahawa atakwambia mabwawa yamekauka. Bodaboda atauliza gesi ya Mtwara imeenda wapi. Kijana wa simu atasema tufunge sola tuachane na haya mambo, jua la Mungu halina luku. Wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, na hakuna hata mmoja anayemuuliza mwenzake: wewe umeme unautaka saa ngapi?

Swali ndiyo hilo, jamani. Umeme wa gridi unatakiwa uzalishwe sekunde ileile unayobonyeza swichi, na sisi wote tunabonyeza kwa mpigo. Kuanzia saa moja usiku hadi saa nne: taa, runinga, feni, friji, na mama aliyekumbuka usiku kwamba sare za shule hazijapigwa pasi. Saa hiyo jua la Mungu limeshakwenda kulala.

Sisemi sola ni mbaya. Nasema watu hawapigi hesabu. Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua zuri inatoa uniti moja, yaani wati 1,000 kwa saa nzima, kwenye makaratasi. Toa vumbi, joto la bati na upotevu wa waya, unabaki na kama robo tatu. Betri ya asidi ya volti 12, ampea 100, inabeba uniti 1.2, ila ukijali maisha yake unatumia nusu. Hiyo ni 0.6. Runinga ya wati 60 kwa saa nne inakula 0.24, taa tano za wati saba kwa saa tano zinakula karibu 0.18. Mpaka hapo mambo safi. Halafu anatokea shemeji na pasi ya wati 1,000, nusu saa tu, uniti 0.5. Inveta inalia piiii, nyumba giza, na kesho mtaa mzima unaambiwa sola ni feki. Betri yenyewe ikinyonywa hadi sifuri kila siku haimalizi hata mwaka vizuri, na kununua nyingine ndiyo bili yenyewe ya jua la bure.

Turudi kwa mzee wa kahawa na maji yake. Anajua kina cha Mtera kuliko umri wa wajukuu zake: bwawa likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, likifika 690 mitambo inatakiwa isimame. Ila kuna jambo hapendi kuambiwa. Maji yaliyozungusha Mtera megawati 80 ndiyo yanayoshuka Kidatu kuzungusha 204. Ya Kihansi, megawati 180, yanaingia Kilombero. Na yote hayo hatimaye yanakutana Rufiji kwenye Bwawa la Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Bonde ni moja! Mvua ikigoma nyanda za juu, na huko Usangu mpunga na ng'ombe wakishachukua chao, mabwawa manne yanalia kilio kimoja. Bwawa la Nyerere ni kubwa, linaweza kutunza maji ya msimu hadi msimu, kwa hiyo ahueni ipo. Lakini ukisema "tumetawanya vyanzo" wakati vyote vinakunywa mto mmoja, hapo unamdanganya nani?

Na maji nayo yana wenyewe. Kihansi kulikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, aligunduliwa mwaka 1996, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Mto ukapelekwa kwenye mitambo, manyunyu yakaisha. Karibu chura 500 wakapandishwa ndege mwaka 2000 kwenda kutunzwa Marekani, mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Huko bondeni wamefungiwa mabomba ya kuwapulizia manyunyu. Nawapongeza sana. Kuna mitaa mjini hapa inasubiri bomba la aina yoyote ile.

Mvua ikizidi nayo ni kesi. Machi 2024 vituo vitano vya maji vilizimwa kwa sababu umeme umekuwa mwingi kuliko watumiaji. Siku zilezile watu wengine wako gizani, wanatukana. Wote wana haki! Umeme kuwepo Rufiji na umeme kufika kwako ni habari mbili. Ndiyo maana kijiweni walivimba mwaka 2025 waliposikia mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. "Tuna 2,115, tunanunua wa nini?" Kutoka Rufiji hadi Arusha ni safari, na waya mrefu unakula umeme njiani kwa njia ya joto. Kununua jirani hapo Namanga, mpakani, kunaweza kuwa nafuu kuliko kusafirisha wa kwako. Unaweza kulipinga hilo, ila lipinge kwa kalamu na karatasi, usilipinge kwa kugonga meza ya watu.

Gesi ndiyo mchapakazi asiyesifiwa. Ya kisiwa cha Songo Songo inatuwashia tangu 2004, bomba la Mtwara likafuata mwaka 2015. Sifa yake: inatii. Ukiitaka saa moja usiku inakuja, ukiizima saa sita inazimika. Ubaya wake, kila uniti inachoma kitu kinacholipiwa, na mtambo wa kawaida usiorudia kutumia moshi wake wa moto unapoteza kama theluthi mbili ya joto hewani. Maji ya bwawa ni kinyume chake: mafuta yake bure, ila mlangoni unalipa kiingilio cha trilioni sita na ushee kabla hujawasha balbu.

Upepo? Waulize Wakenya. Turkana wameweka mashine 365, megawati 310. Mashine zilikamilika 2017, laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuuleta umeme Suswa, kwenye gridi yao, ikakamilika 2018. Hapo katikati mashine zimesimama na malipo yanadaiwa. Isitoshe upepo wa kule unapenda kuvuma usiku wa manane watu wamelala, mpaka mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao ungetoa umeme, unaachiwa upae zake angani.

Sasa shuka mtaani, kwenye transfoma, maana huko ndiko tunakofia. Transfoma ya kVA 100 (kVA ndiyo kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) ina fezi tatu, yaani njia tatu za kugawia umeme, kila moja kama kVA 33. Kishoka, fundi asiye rasmi, kaunganisha nyumba zote mpya kwenye fezi moja kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na ngazi yake. Ni daladala ya Mbagala abiria wote wamesimama mlangoni, viti vya nyuma vitupu. Saa moja usiku volti zinashuka kutoka 230 hadi 170. Pasi ya wati 1,000 inabaki na kama 546, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Feni inazunguka kwa huruma. Friji ndiyo ya kuhurumiwa kweli: mota yake inajaribu kuwaka, inashindwa, inavuta ampea nyingi zaidi, waya wa ndani unaungua. Ukiona umeme mdogo chomoa friji, na ukirudi subiri dakika tatu hadi tano presha ya gesi itulie. Usishangilie tu "umerudiii!" ukaichomeka.

Na juu ya transfoma hiyohiyo tunaambiwa tupikie umeme. Kwa mfuko ni sawa kabisa: nusu kilo ya maharage kwenye jiko la presha la umeme inakula chini ya nusu uniti, na kwa bei ya 356 kwa uniti hiyo haifiki shilingi 180. Mkaa hauwezi. Ila nyumba 60, nyingi zikiwa kwenye fezi ile moja, zikichomeka majiko ya kilowati moja saa moja usiku, fyuzi inakatika kabla maharage hayajachemka. Na wale wa matumizi madogo, wanaolipa 122 kwa uniti, wakipita uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi zinapigwa bei ya juu, kwa hiyo wanapika huku wanachungulia mita. Mpangaji naye akinunua umeme wa elfu kumi mwanzo wa mwezi, 1,500 inakwenda kodi ya jengo, jengo la mwenye nyumba, anabaki na uniti 23 na ushee.

Wa mwisho kuongea huwa ni yule wa nyuklia. "Urani tunayo Namtumbo!" Tunayo, sawa. Ila kinu kikubwa kimoja ni kama megawati 1,000, na nchi nzima kwa usiku wenye matumizi makubwa ni kama 2,000. Mtambo mmoja wa Rufiji wa 235 ukizimika ghafla, masafa ya gridi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, yanashuka chini ya hezi 50 na mikoa inaweza kukatwa kuokoa mingine. Kinu hicho kikijikwaa, nusu ya nchi inazimika nacho. Ningemuunga mkono, lakini aanze na nguzo iliyo nyuma ya choo chake, ile iliyofungwa kamba ya katani.