Pande Tano Hazitoshi

Ukitazama kwa hadubini kichujio cha aina ya FBAR kilichomo ndani ya simu, kile kifaa kidogo kinachopitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine, utadhani aliyekikata alikuwa na haraka. Rezoneta zake, yaani vile vipande vinavyotetemeka kwa masafa maalumu, mara nyingi zina pande tano, na hakuna mbili zinazokwenda sambamba. Umbo hilo ni la makusudi, na wanafunzi wa uhandisi ninaozungumza nao hapa Nairobi hulisifu kana kwamba limemaliza kazi. Mimi naona linasifiwa kupita kiasi.

Ndani ya kila rezoneta kuna utando wa aluminiamu nitraidi, unene wa mikroni moja hivi kwa masafa ya gigahezi 2, umebanwa katikati ya elektrodi mbili. Ukiupa umeme, unanenepa na kusinyaa, na mtetemo huo wa juu na chini ndio tunaoutaka. Lakini utando una mwisho. Sehemu ya nishati hukimbilia pembeni, hugonga ukingo, hurudi, na mawimbi yanayokutana yanasimama palepale. Kwenye grafu ya kile kinachopita kwenye kichujio vinatokea vijibonde katikati ya bendi, pahali hasa ambapo kichujio kilitakiwa kupitisha mawimbi ya simu bila kuyagusa.

Pande zisipokuwa sambamba, kila wimbi linasafiri umbali wake kabla ya kurudi, kama mpira wa makaratasi unaopigwa kwenye kuta za uchochoro uliopinda. Vijibonde vichache vikubwa vinakuwa vingi vidogo. Grafu inalainika, kila mtu anafurahi. Sasa jiulize: ile nishati iliyokimbilia pembeni imeenda wapi? Haijarudi. Imetawanywa tu, kipimo cha Q, kinachoonyesha rezoneta inavyohifadhi nishati yake, kinashuka, na hasara hiyo inalipwa na betri ya simu.

Mwaka 2003 mtafiti Jyrki Kaitila na wenzake walionyesha njia ninayoipenda zaidi. Unazungushia rezoneta ukanda mwembamba pembeni, wenye unene uliotofautiana kidogo na wa katikati, na upana wake unaupima kulingana na wimbi linalokwenda pembeni. Ukiupatia, eneo lote la katikati linapanda na kushuka kwa pamoja, na mitetemo ya pembeni inakosa cha kuiamsha. Hapo hujaficha kitu, umekizuia kisizaliwe.

Asiyeamini kwamba ukingo una nguvu kiasi hicho aende Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, anunue kile kisahani cha shaba cha bazaa, yaani cha kifaa kidogo cha kutoa mlio, kinauzwa bei ya chai na mandazi. Akiunganishe na amplifaya ndogo, anyunyize chumvi laini, kisha apandishe toni polepole kwa programu ya simu. Chumvi itahama na kujipanga kwenye duara. Akikigundisha pembeni kwa gundi na kurudia, duara litakuwa limehama, na toni inayoliamsha nayo imebadilika. Kisahani ni kilekile.

Ukanda nao una gharama. Ukikosea upana, unazaa mitetemo yake wenyewe, na upana unaofaa masafa fulani haufai mengine. Ndiyo maana wabunifu wengine hutumia vyote viwili, pande zisizo sambamba pamoja na ukanda, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mhadhiri anayechora pande tano ubaoni, akafuta, akahamia mada nyingine.