Mdai Mwenye Kelele Asilipwe Kwanza

Mtu akilemewa na madeni hapa Nairobi, ushauri anaopewa huwa wa namna mbili. Wa kwanza ni wa wazee: dawa ya deni ni kulipa, kwa hiyo nenda kwa kila anayekudai, omba kulipa kwa awamu, ujifunge kibwebwe hadi umalize. Wa pili umeenea tangu mikopo ya simu ishike kasi: hao waache, watapiga simu hadi wachoke, badilisha laini, maisha yaendelee.

Pande zote mbili zina hoja, nami nitazipima. Lakini naona zote zinaruka swali moja ambalo ndilo linaloamua kama mpango wa kulipa utasimama au utaanguka mwezi wa pili: nani alipwe kwanza, na kiasi gani. Wengi wetu humlipa anayepiga kelele zaidi. Deni linalotula zaidi mara nyingi ni la yule asiyesema kitu.

Chukua mfanyakazi anayebakiwa na shilingi 45,000 baada ya makato ya serikali. Anakaa Umoja, ana watoto wawili shuleni. Mkopo wake wa sacco umebaki 200,000. Ana mikopo mitatu ya simu inayofika 18,000, Fuliza (huduma ya M-Pesa ya kukukopesha salio likipungua) ya 6,000, na 20,000 za shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wa pale kazini. Kodi ya nyumba imelala mwezi mmoja.

Wanaompigia kuanzia saa moja asubuhi ni watu wa programu za simu. Huwatumia jumbe hata watu ambao hawakudhamini chochote: shemeji, mwalimu wa mtoto, mkubwa wake wa kazi. Sacco imenyamaza kwa kuwa mwajiri hukata. Shailoki naye hana haja ya kupiga simu, maana kadi ya benki ya huyu ndugu iko mfukoni mwake pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia usiku, yeye ndiye wa kwanza kwenye mashine.

Sasa tupige hesabu. Shailoki akitoza 20% kwa mwezi, na wapo wanaotoza 30%, zile 20,000 zinazaa riba ya 4,000 kila mwezi bila deni lenyewe kupungua hata senti. Sacco ikitoza 1% kwa mwezi kwa deni lililobaki, zile 200,000 zinazaa 2,000. Deni dogo la shailoki linakula mara mbili ya deni kubwa la sacco. Mikopo ya simu nayo: M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya 7.5% kwa mkopo wa siku 30, na wapo wakopeshaji wa simu wanaotoza zaidi ya hapo. Hata kwa 7.5%, zile 18,000 zinadai 1,350 kwa mwezi, na anayelipa leo ili akope tena kesho hulipa hizo 1,350 mwezi baada ya mwezi.

Fuliza ina tabia yake. Tangu ianze Januari 2019 inatoza 1% ya kufungulia pamoja na ada ya kila siku, ingawa ada hizo zilipunguzwa Oktoba 2022. Kinachovuruga mpango wa kulipa ni namna inavyojilipa yenyewe: pesa yoyote ikiingia M-Pesa, deni linakatwa kwanza. Huyu ndugu akihamisha 10,000 kutoka benki ili amtumie mwenye nyumba, anabaki ameshika simu inayosoma 4,000 au pungufu, na kodi bado haijalipwa. Kwa hiyo anayepanga kulipa madeni kwa awamu aimalize Fuliza siku ya mshahara, au pesa ya kodi na karo ipitie njia nyingine. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu nimeona mipango mizuri iliyoandikwa vizuri ikibomokea hapo tu.

Wanaotetea mpango wa kulipa kwa awamu wana nguvu kubwa kwenye hesabu hii. Shailoki, mikopo ya simu na Fuliza vikikusanywa na kulipwa kwa nyongeza ya mkopo wa sacco, zile 44,000 ambazo zilikuwa zinazaa zaidi ya 5,000 kwa mwezi zitazaa 440. Hakuna njia nyingine ya halali ninayoijua inayompa mtu nafuu ya haraka kiasi hicho. Pia jina linasalimika. Mkopeshaji anatakiwa akupe ilani ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako CRB, ofisi zinazoweka rekodi za wakopaji, na taarifa mbaya ikishaingia hukaa miaka mitano tangu siku ulipomaliza kulipa. Kwa kijana anayetafuta kazi, na waajiri wengi mjini huuliza cheti cha CRB, hiyo ni miaka mingi.

Udhaifu wa hoja yao unajulikana na kila karani wa mikopo. Ukishalipa programu ya simu, kabla wiki haijaisha ujumbe unaingia: hongera, kiwango chako kimeongezwa. Mtu aliyebakiwa na pesa kidogo na mtoto anayekohoa usiku atabonyeza. Baada ya miezi mitatu anadaiwa na sacco deni lililokua, na programu zilezile zimerudi. Simlaumu, lakini mpango ambao haukuanza kwa kufuta hizo programu na kuomba kiwango cha Fuliza kifungwe ni wa kuongeza deni tu.

Kuna pia swali la muda. Deni la 200,000 kwa 1% kwa mwezi likilipwa kwa miezi 12, malipo ni karibu 17,770 kila mwezi na riba yote inafika 13,200 hivi. Likitandazwa miezi 36, malipo yanashuka hadi karibu 6,640, lakini riba inapanda hadi 39,100 hivi. Mezani utaonyeshwa ile 6,640, kwa kuwa ndiyo inayokufanya utie sahihi, na wanaokosoa mipango hii wanasema hapo ndipo mteja anaponaswa. Ni kweli riba inakaribia kuwa mara tatu. Hata hivyo kwa mtu wa 45,000 mwenye karo na kodi, malipo ya 17,770 ni ahadi ya uongo tangu siku ya kwanza. Mimi ningemshauri achukue muda mrefu, ila aulize jambo moja kwanza: nikipata bonasi au pesa za shamba, naweza kulipa mapema bila faini? Akiambiwa ndiyo, muda mrefu haumdhuru. Akiambiwa hapana, aende meza nyingine.

Kiasi cha kulipa nacho kina mpaka. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, mfanyakazi abaki na theluthi. Mkopo uliopita kwenye kipimo hicho mwaka 2021 huenda leo unakigusa, kwa sababu tangu wakati huo imekuja tozo ya nyumba ya 1.5%, SHIF ya bima ya afya ya 2.75% iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na michango ya pensheni ya NSSF iliyopanda kwa awamu. Na sheria hiyo inaona tu kinachokatwa na mwajiri. Mikopo ya simu inakuja baadaye kuila ileile theluthi ambayo sheria iliiacha kwa ajili ya unga, stima na nauli ya matatu. Kwa hiyo mpango uanzie huku chini: toa kodi, chakula, nauli na karo, halafu ndipo ugawe kilichobaki. Wakopeshaji watataka uanze na wanachodai wao. Usikubali.

Turudi kwa wanaosema usilipe. Hasira yao ina msingi. Kwa miaka mingi wakopeshaji wa simu walifanya walichotaka, wakawaaibisha watu mbele ya ndugu na wakubwa wao wa kazi. Serikali ilichelewa. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina CRB. Desemba 2021 sheria ya kuwasimamia ikatiwa sahihi, na kanuni za Machi 2022 zikapiga marufuku vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yako ambao hawakukudhamini. Ofisi ya Kamishna wa Data imeshawatoza faini ya mamilioni baadhi yao. Anayepigiwa simu za matusi leo ana mahali pa kulalamika, na afanye hivyo akiwa na jumbe alizohifadhi. Vilevile aangalie kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya walioidhinishwa, ambayo Benki Kuu huichapisha.

Lakini matusi ya mkusanyaji hayafuti deni. Hapa naachana nao. Mkopeshaji halali aliyekosea namna ya kudai anastahili kushtakiwa kwa kosa hilo, na pesa yake bado ni pesa yake. Atakayenufaika kwa kuyatenganisha mambo haya mawili ni mkopaji mwenyewe, maana hatalipa kwa hofu wala hatakimbia kwa hasira. Atalipa zamu yake ikifika. Na kama deni ni la benki na limekwama, ajue kwamba tangu 2007 Sheria ya Benki inaweka kikomo: riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku lilipohesabiwa kuwa limekwama. Watu wamelipa zaidi ya hapo kwa kutojua.

Jaribio kubwa la msamaha tuliliona Novemba 2022. Benki Kuu ilitangaza mpango wa kusafisha majina ya waliokwama na mikopo ya simu ya benki: wakopeshaji wapunguze angalau 50% ya deni, mkopaji amalize kilichobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Waliolengwa walizidi milioni 4.2, na mikopo yenyewe ilikuwa kama bilioni 30. Waliounga mkono walisema mama wa mboga wa Muthurwa hawezi kufungiwa mikopo yote kwa sababu ya 2,000 alizokopa wakati wa korona. Waliopinga waliuliza aliyejinyima akalipa yote anaambiwa nini, na nani atakayelipa haraka mara nyingine. Mimi niko na wa kwanza kwa mikopo ile midogo, kwa sababu gharama ya kuwafungia watu wengi hivyo ni kubwa kuliko pesa zilizosamehewa. Siko nao kwa sacco. Huko pesa inayosamehewa imetoka kwenye akiba ya mwalimu au askari mwenzako.

Wengine hawalali kwa kuogopa jela. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, kabla hajawa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa tu kulipa deni la mkataba kunakwenda kinyume na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema utaratibu wa kifungo cha madai bado ni halali, mradi mdaiwa apewe nafasi ya kujieleza na ithibitike kuwa ana uwezo ila hataki kulipa. Kwa hiyo ukiitwa mahakamani, hata ile ya madai madogo inayosikiza kesi za hadi milioni moja, nenda. Anayekosa kufika anaamuliwa akiwa nyumbani; anayefika na hati ya mshahara na hesabu ya matumizi yake anaweza kuomba kulipa kwa awamu.

Kwa aliyefika mwisho kabisa, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina njia ya asiye na mali, kwa madeni ya kati ya 100,000 na milioni nne. Huombwa mara moja tu maishani, na baada ya miezi 12 madeni yanafutwa. Ni njia ambayo wachache wanaijua, na ingefaa itangazwe kwa nguvu kama zinavyotangazwa huduma nyingine pale Huduma Centre. Kasoro yake ni kwamba humwokoa mkopaji na kumwacha mdhamini.

Na mdhamini, yule mwenzako atakayekatwa wewe ukishindwa, ndiye anayenifanya niiweke sacco juu kwenye orodha hata kama riba yake ni ndogo kuliko zote. Kodi na chakula kwanza, shailoki amalizwe haraka, arudishe kadi, na namba ya siri ibadilishwe siku hiyohiyo, Fuliza ifungwe, malipo ya sacco yasikosekane hata mwezi mmoja, programu za simu zigawane kinachobaki, ndogo kabla ya kubwa, hata wakipiga simu mara kumi kwa siku. Kila makubaliano yawe kwa maandishi, yakitaja kama riba inasimama na jina litaandikwaje CRB.

Ukiona malipo ya sacco yatakushinda, waone wadhamini kabla ya barua kuwafikia. Waite chai, uwaonyeshe hesabu yote, pamoja na yale usiyopenda wayajue. Wakijua mapema, mnaweza kwenda pamoja kwa ofisa wa mikopo kuomba muda uongezwe. Wakijua kwa kuona makato kwenye mishahara yao wenyewe, utakuwa umebaki na deni lilelile, na hakuna atakayekusimamia mezani.