Slipu Ina Muhuri Wenu, Cheki Itafuteni Ninyi

Benki ikishagonga muhuri kwenye slipu ya cheki, imekiri kwamba cheki iko mikononi mwake. Ikipotea baada ya hapo, imepotelea kwake. Hilo halihitaji wakili kulieleza. Lakini hapa Nakuru nimeona watu wazima wakirudishwa nyumbani na slipu zao mkononi, eti wamrudie aliyewaandikia cheki wamwombe nyingine. Kikundi chetu kiliambiwa hivyo hivyo. Tulikataa, na pesa tukazipata.

Sisi ni wakulima wa viazi upande wa Molo, wengi wetu kina mama, na mimi ndiye katibu. Tuliiuzia shule moja ya bweni viazi, ikatulipa kwa cheki. Wapo watakaouliza mbona cheki na simu zipo. Cheki ile ina saini mbili na jina la kikundi, tena imechorwa mistari miwili, kwa hiyo hakuna anayeweza kwenda nayo dirishani akahesabiwa noti. Lazima ipitie kwenye akaunti. Kwa kikundi kinacholinda jasho la watu wengi, hiyo ni kinga kubwa.

Mweka hazina wetu aliipeleka benki, akajaza slipu, keshia akagonga muhuri wa tarehe na kutia saini yake fupi pembeni. Siku hizi cheki haichukui muda kukomaa. Ukiiweka leo, kwa kawaida siku ya kazi inayofuata imeshapita. Siku zikaenda, akaunti ikabaki vilevile. Aliporudi kuuliza, jibu likawa, "Mama, kwa sistimu hakuna kitu." Akaonyesha slipu. Msichana wa dirishani akaiangalia, akaigeuza, akamrudishia: "Labda cheki bado iko Nairobi."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, kwa sababu cheki haisafirishwi tena kwenda Nairobi. Tangu mwaka 2011 benki za Kenya hupiga picha ya cheki na kutumiana picha hiyo kwa mtandao, na karatasi yenyewe hubaki kwa benki iliyoipokea. Kwa hiyo cheki yetu, kama haikuwa kwenye akaunti yetu, ilikuwa ndani ya jengo lile lile tulilosimama, au picha yake ilikuwa imeshatumwa na pesa zikaingia pahali. Mfanyakazi wa benki anayemwambia mama wa Molo asubiri gari la Nairobi anamchezea, hata kama hana nia mbaya.

Ushauri wa pili ulikuwa huo wa kurudi shuleni. Ukiufikiria vizuri, ni ushauri wa hatari. Tungeomba cheki nyingine, shule ingetuuliza ya kwanza iko wapi. Tungejibu nini? Na kama ya kwanza imeshalipwa, shule imelipa mara mbili, na jina linalochafuka ni la kikundi wala si la benki.

Shuleni tulienda, ila kwa swali tofauti. Tulimwomba mhasibu atazame taarifa ya akaunti ya shule kama pesa zimetoka. Zilikuwa zimetoka! Namba ya cheki ilikuwa pale, kiasi ni kile kile, na tarehe ni siku iliyofuata ile ya slipu yetu. Shule ikaomba benki yake picha ya cheki, mbele na nyuma. Nyuma kulikuwa na muhuri wa benki yetu, tawi letu. Mjadala wa Nairobi ukaishia hapo.

Kama kuna jambo moja ningependa kila mweka hazina alijue, ni hili la kuuliza upande wa pili. Benki yako inaweza kukuambia haioni kitu, lakini pesa haziwezi kutoka kwenye akaunti ya aliyeandika cheki bila kuacha alama ya benki iliyozidai.

Kuanzia hapo hatukubishana tena dirishani. Maneno ya dirishani hayabaki popote, na keshia naye ni kijana wa watu anayeogopa kukatwa mshahara; ukimpigia kelele atajifungia tu. Tuliandika barua kwa meneja wa tawi, nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa tukarudi nayo. Tuliambatisha slipu na picha ya cheki, tukaomba tuambiwe kwa maandishi pesa ziliingia akaunti gani na nani aliziingiza. Mwongozo wa Benki Kuu wa mwaka 2013 kuhusu kumlinda mteja unazitaka benki ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Tuliutaja kwenye barua, na meneja akatuita mwenyewe.

Ikaonekana kwamba slipu yetu ilijazwa sawasawa, ila aliyeingiza namba kwenye kompyuta alikosea tarakimu moja, na pesa zikaangukia kwa mteja mwingine. Mteja huyo alikuwa ameshatoa sehemu ya pesa hizo. Benki ikatuomba tuvumilie mpaka arudishe.

Hapa wanachama wetu walianza kulegea. Mama mmoja alisema, "Tumwachie Mungu, wameshakubali kosa." Namheshimu sana, lakini sikukubaliana naye. Mteja yule hatumjui, hatukufanya naye biashara, na deni lake si letu. Sisi tuliiamini benki. Benki itulipe kwanza, kisha yenyewe imfuate mtu wake. Tulisema hivyo mbele ya meneja bila kupandisha sauti, na wiki hiyo hiyo pesa ziliingia zote.

Najua benki hupelekewa slipu za kughushi, na ni haki yake kuchunguza. Lakini uchunguzi ni kazi yake: ina kamera, ina daftari la cheki za siku, ina namba ya keshia aliyekuwa dirishani. Mkulima ana kipande kimoja cha karatasi. Kumwambia yeye ndiye akatafute ni uonevu, na naamini benki huthubutu kwa sababu wengi huchoka njiani.

Isitoshe, kulipwa mtaji hakujamaliza mambo. Mvua ya masika ilianza pesa zetu zikiwa kwa mtu mwingine. Ili tusikose mbegu za viazi aina ya Shangi tulikopa, na mkopo ule umetugharimu riba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Tumeshaandika barua ya pili kudai riba hiyo. Benki isipojibu kufikia mwisho wa mwezi, tutaenda Mahakama ya Madai Madogo hapa hapa Nakuru. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na hatutahitaji wakili. Mweka hazina ameshapanga stakabadhi zote kwenye faili.