Ujerumani Anayejitolea Hupewa Mkataba, Nyumbani Hupewa Fulana

Kabla sijaja Ujerumani nilikuwa mwelimishaji rika katika kijiji kimoja mkoani Njombe, Tanzania. Tulikutana na wanafunzi wa sekondari, na wale waliomaliza darasa la saba wakabaki kubeba mbao, tukazungumza nao habari za VVU, mimba, pombe na tohara. Malipo yangu yalikuwa fulana ya mradi, kofia, na posho ya siku za semina. Mradi ulipofungwa, fulana niliendelea kuivaa shambani.

Wakati huo tulikuwa na vijana wawili wa Kijerumani waliokuja kwa mwaka mmoja kupitia weltwärts, mpango wa kujitolea ambao serikali yao iliuanzisha mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28. Tangu 2013 mpango huohuo unaruhusu na sisi twende kwao. Ndivyo nilivyofika jimbo la Brandenburg, kwenye nyumba ya vijana ya kijiji, na baada ya mwaka wangu nikabaki kusomea uuguzi. Kwa hiyo nimekuwa mwenyeji aliyeletewa mgeni, na nimekuwa mgeni aliyeletwa. Nina neno kwa pande zote mbili.

Nianze na wale wawili, maana nyumbani tuna tabia ya ama kuwasifu mno au kuwacheka. Katika kufundisha hawakutuzidi kitu. Walikuwa na miaka 19, hawana taaluma ya afya, na Kiswahili chao kilianza kukaa sawa mwezi wa saba au wa nane, yaani wakati wa kuhesabu siku za kurudi. Lakini jambo moja walilifanya ambalo mimi, mzaliwa wa pale, sikuliweza: vijana waliwaambia siri. Msichana ambaye hangethubutu kuniuliza habari za vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa mama yake na mama yangu wako kikundi kimoja cha kuweka akiba, alimfuata yule mgeni wa kike kisimani na kumuuliza kwa Kiswahili cha polepole kabisa. Mgeni hana shangazi kijijini. Akiondoka, siri imeondoka naye.

Jambo hilo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Sawa, sheria inasema hivyo. Lakini benchi la zahanati liko barazani, linatazama barabara, na kila apitaye anajua siku ya kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU ni ipi. Ukikaa pale siku hiyo umeshajitangaza. Hata tohara ya kitabibu, ambayo humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, wapo wavulana waliokuwa tayari kwenda kufanyiwa wilaya nyingine ili tu wasionekane wakitembea kwa shida mbele ya wenzao.

Nilipofika Brandenburg nilidhani huko vijana hawana shida za namna hiyo. Wana bima. Wana uchunguzi unaoitwa J1, wa umri wa miaka 12 hadi 14, daktari anawapima bila wao kulipa chochote. Kumbe kuwa na haki ya kumwona daktari ni jambo moja na kuwa na daktari jirani ni jingine. Kijiji chetu hakikuwa na daktari, na basi lilipita asubuhi na jioni, likifuata ratiba ya shule. Jimbo la Nordrhein-Westfalen limefika mahali pa kuwapa watu nafasi za kusomea udaktari kwa sharti la kufanya kazi vijijini miaka kumi, utaratibu ulioanza 2019. Niliposikia nilicheka peke yangu. Kumbe hata hapa daktari akishahitimu anautazama mji!

Na pombe. Kwa sheria yao kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kununua bia. Kituo cha basi cha kijiji kiligeuka baraza ya vijana kila Ijumaa, na huko ndiko mvulana mmoja alikoniambia mambo ya nyumbani kwao ambayo mratibu wangu, aliyemjua tangu utotoni, hakuwahi kuyasikia. Aliniambia mimi kwa sababu sikumjua baba yake. Nikamkumbuka yule msichana wa kisimani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mipango hii ifutwe yote. Ninachogombana nacho ni mgawanyo. Mwaka wangu hapa nilikuwa na mkataba, bima ya afya, malazi, pesa ya matumizi ya kila mwezi, michango ya pensheni (pensheni, kwa mtu wa kujitolea!), na siku 25 za semina ambazo sheria inazitaka. Wale wawili waliokuja kwetu nao walikuwa na tiketi, bima na mtu wa kumpigia simu usiku mambo yakiharibika. Katika timu ile ya watu watano, waliotoa pesa mfukoni ili wajitolee walikuwa wenyeji watatu tu.

Kinachonikera zaidi nilikiona kwa zimamoto. Vijijini Ujerumani moto hauzimwi na waajiriwa wa serikali. Wanaouzima ni fundi bomba, mwalimu na mkulima, wote wakijitolea. King'ora kikilia katikati ya saa za kazi, mwajiri analazimika kumwachia aende bila kumkata mshahara, na halmashauri inamfidia mwajiri. Wana bima wakiumia, wana mafunzo, wana sare, na watoto wana kikosi chao cha kujifunza. Hakuna anayewaambia kwamba wakipewa buti moyo wa kujitolea utapungua. Kwetu hoja hiyo nimeisikia kwa masikio yangu, kutoka kwa mtu wa mradi aliyekuja na gari lenye kiyoyozi.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye zimamoto wetu. Anagongewa mlango usiku, anawajua vijana wanaoacha dawa, anajua ni binti gani ameacha kuonekana shuleni. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa kuwaandaa wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji, mwanamke na mwanamume, na safari hii wakiwa na posho. Naufurahia. Ila nimeona miradi mingi ikifa siku mfadhili anapoondoka, kwa hiyo nitaufurahia zaidi mwaka wa sita.

Kwa vijana wa hapa wanaoniuliza kama waende Afrika kufundisha afya, jibu langu limekuwa fupi. Nendeni, mkawasikilize vijana, msijifanye walimu. Na kabla ya kusaini, waulizeni wanaowapeleka kama mwenzenu wa kule atakuwa na mkataba kama wenu. Wengi hawajawahi kuuliza. Mmoja aliuliza, akajibiwa kwamba hilo ni suala la shirika mwenyeji.

Dada niliyefanya naye kazi Njombe bado anaendelea, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Juzi nilimtumia picha ya wazima moto wa kijiji wakiwa wamejipanga mbele ya gari lao. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, hizo buti wananunua wenyewe?" Nikamwambia hapana dada, wanapewa. Akakaa kimya kidogo, nikasikia kuku nyuma yake, kisha akaniambia mnyororo wa baiskeli umekatika tena na kesho ana nyumba sita za kupitia, upande wa bondeni.