Korfboli iingie kwenye kipindi cha michezo

Pita kwenye shule zetu za sekondari saa ya michezo: wavulana wako kwenye mpira wa miguu, wasichana kwenye netiboli, na kundi kubwa la wengine limekaa kivulini likisubiri kengele. Hao wa kivulini ndio wanaoniuma. Hakuna aliyewakataza kucheza. Ni kwamba mpira haufiki kwao, maana anayejua chenga ndiye anayepewa, naye akishaupata hautoi.

Ndiyo maana natetea korfboli. Mwaka 1902, mwalimu wa shule mjini Amsterdam, Nico Broekhuysen, alitaka mchezo ambao wavulana na wasichana wangecheza pamoja. Alikuwa ameona Sweden mchezo wa kurusha mpira kwenye pete, naye akaweka kikapu kisicho na kitako juu ya nguzo. Timu moja ina wachezaji wanane, wanne wa kike na wanne wa kiume. Nusu hushambulia, nusu hulinda, na kila yakifungwa magoli mawili wanabadilishana kazi. Kwa hiyo yule bingwa wa kufunga lazima naye akalinde, na mlinzi apate zamu yake ya kurusha.

Ukishika mpira, huruhusiwi kukimbia nao wala kuudundisha. Njia ni pasi tu. Kuupokonya mkononi mwa mtu pia ni kosa. Halafu kuna sheria ninayoipenda kuliko zote: mlinzi akiwa amesimama kati yako na kikapu, karibu kiasi cha kukufikia, ameinua mkono kukuzuia, ukirusha goli halihesabiwi, hata mpira ukiingia. Urefu peke yake hauna faida kubwa hapo. Inabidi mwenzako akimbie, amvute mlinzi, akuachie nafasi. Kijana wa kidato cha pili atabishana na filimbi mwanzoni, na mwalimu avumilie, kwa sababu katika ubishi huo ndipo anapoanza kutazama wenzake wako wapi.

Wazazi wataogopa wavulana na wasichana kugongana. Hofu hiyo naiheshimu, lakini sheria zimeshaijibu: msichana humlinda msichana na mvulana humlinda mvulana.

Vifaa navyo si kikwazo. Mpira ni ule ule wa namba tano. Kikapu rasmi hukaa mita 3.5 juu, wakati pete ya netiboli iko mita 3.05, na kwa wanaojifunza kikapu hushushwa. Basi nguzo za netiboli zinafaa kabisa, ila zisogezwe ndani ya uwanja, kwa kuwa korfboli huchezwa kuzunguka kikapu pande zote. Fundi wa vikapu atasuka viwili bila kitako, na tunaanza.

Swali ninaloulizwa na walimu wenzangu ni hili: mchezo huo uko UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania? Haupo, na kwangu hiyo ni sababu ya kuufundisha. Hakuna mwanafunzi aliyeucheza mtaani tangu utotoni, kwa hiyo wote wanaanza sawa, na mwalimu hana timu ya shule ya kuchagua. Kipindi ni cha darasa zima. Tuwape muhula mmoja, na wale wa kivulini tuwapange kwanza, kabla ya nyota wa timu.