Sekunde Kumi

Kamati ya sendofu ya binamu yangu ilipokaa kikao cha mwisho, bajeti ilikuwa imepelea. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti, akamkata mpiga picha. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa na kamera, Canon 1300D niliyoinunua ikiwa imeshatumika, lenzi yake ileile ya kawaida, na uzoefu wa siku nne.

Asubuhi ya shughuli nilijipiga picha kwa taimeri: suti, mkono mfukoni, nikaiweka status. Likumbuke hilo, mimi nililisahau.

Ukumbini binamu akaingia kwa madoido. Nikabonyeza. Kimya. Halafu kamera ikaanza kulia: pi... pi... pi... Nikaigeuza niitazame usoni kuna nini. Pipipipi, kacha! Nikapata picha ya matundu ya pua yangu.

Nikajisemea, kamera ya mtumba hii, lazima ipashe moto kwanza kama Land Rover ya dizeli. Basi nikawa naamrisha watu: "Gandeni hivyohivyo, inavuta!" Wazazi wakaganda na tabasamu mpaka mashavu yakawatetemeka, walipochoka tu, kacha. Kwenye shampeni nikapata shangazi akikamua wigi. Kwenye keki, binamu anatafuna, shavu moja limevimba. MC hakuniacha: "Wageni waalikwa, mpiga picha wetu anakuja na daladala!"

Ikaingia ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, majani mdomoni, ngoma mbele. Nikapiga goti, nikabonyeza. Papo hapo MC akasema tusimame tubariki chakula. Vichwa chini, macho tumefumba, ukumbi mzima kimya isipokuwa mchungaji na kamera yangu. Pi... pi... pipipipi, flashi ikamulika kama radi.

Mtoto wa jirani akachungulia kioo cha kamera. "Anko, umeweka taimeri, inasubiri sekunde kumi ndiyo ipige. Na huyu babu anaiba nyama."

Fokasi ilikuwa imeshajifunga kwenye paja la ndafu, kwa hiyo mkono wa Mjomba ulionekana kila kidole, na pete, na kipande kikiwa njiani kwenda mfukoni.

Alinifuata kwenye maegesho.

"Mjomba, ile picha inafutika?"

"Inafutika, Mjomba. Ila mimi bado mgeni wa hii kamera, kitufe chenyewe sikijui."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanishikisha elfu ishirini.

"Jifunze usiku huuhuu."