Sikumla Nyanya wa Watu

Nianze kwa kukanusha. Ule ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye magrupu ya Mombasa, ambamo rafiki yangu wa Likoni anasema nimeshikwa na polisi wa Addis Ababa kwa kumla nyanya wa watu, ni uongo. Sikushikwa. Wala sikumla mtu. Nilimng'ata tu. Kidole kimoja, tena upande wa kucha. Na nyinyi mlioniuliza kama nyanya mwenyewe alikuwa wa kukaanga au wa kachumbari, nimewaandika majina.

Mnaonifuata mnajua safari hii ni ya kujibana. Basi hadi Moyale, mpaka nikauvuka kwa miguu, halafu basi jingine upande wa pili, ambako magari hupita kulia na roho yangu ilikuwa mkononi hadi Hawassa. Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia, na hiyo ndiyo hesabu pekee iliyonikubali. Hoteli siiwezi, wa kunitembeza simuwezi, kwa hivyo nikatafuta mtu wa kubadilishana naye lugha. Nimpe Kiswahili, anipe Kiamhari, hakuna wa kumlipa mwenzake. Halafu mtu wa namna hiyo hukupeleka anakokunywa kahawa yeye, si wanakopelekwa wageni.

Nikampata kijana wa chuo, kwao ni nyuma ya Sidist Kilo, mtaa wa Addis Ababa. Yeye ana sababu ya maana: Umoja wa Afrika uliipa lugha yetu hadhi ya lugha ya kazi mwaka 2022, makao yake yako mji huo huo, na kijana anataka kuingia mle ndani siku moja akiwa na tai. Mimi sababu yangu ni chakula. Tukawa tunakutana mkahawani, nusu saa Kiswahili, nusu saa Kiamhari, kila mtu na makiato yake, kahawa yenye maziwa kidogo. Nilimtia ngeli mpaka akashika kichwa. Akalipiza kwa herufi zao, ambazo ni zaidi ya 200 na nusu yake zinatazamana kwa chuki. Na kila mara nikienda kulipa nakuta ameshalipa.

Basi akanialika kwao. Ujumbe ulikuja kwa Kiingereza, maana ndiko tunakokimbilia tukikwama: njoo Jumamosi, saa 2. Sasa jamani, Waethiopia huhesabu saa kama sisi. Jua likitoka, saa zinaanza, moja, mbili. Hilo nalijua. Ndilo lililotufurahisha siku ya kwanza hata tukapeana mikono. Lakini kuiona ile 2 imekaa katikati ya Kiingereza, mimi Mswahili wa kuzaliwa, niliyekatiwa kitovu Kisauni, nikajifanya Mwingereza nikaigeuza kuwa saa nane mchana.

Laini yangu haishiki huku na intaneti naipata pale ninapolala tu. Asubuhi nimetoka zangu kuzurura, simu inapiga picha, haipigi mtu. Na mamangu alinifunza kwamba hauendi kwa watu na njaa ukaonekana umefuata sahani. Nikapita kwenye kibanda nikala injera nzima, ule mkate wao mpana kama chapati, na mboga zake, nikaongeza nyingine kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Nikanunua kilo ya sukari ya kupeleka. Saa nane kamili nikabisha hodi, najisifu kwa kujali wakati.

Nyumba nzima ilikuwa inaningoja tangu asubuhi. Majani waliyotandaza sakafuni kwa ajili ya kahawa yameshanyauka. Ubani umewashwa, umeisha, umewashwa tena. Chakula kimefunikwa na hakuna aliyekigusa kwa sababu mgeni hajafika. Palikuwa na mtoto mdogo pale ukutani, wa miaka kama mitano, aliyeniangalia vile deni huangaliwa. Halafu nikaambiwa kwamba kwa kuwa mimi ni Mwislamu na nyama ya kuchinja kwao siili, mama wa nyumba aliacha kuku wake akanipikia vyakula vya mfungo vitupu, visivyo na nyama, siku ambayo wao wenyewe hawafungi. Shiro, ule mchuzi wao mzito, dengu nyekundu, sukumawiki, na pilipili ndefu za kijani zilizopasuliwa zikajazwa vitunguu.

Sasa hapo wewe ungesema umeshiba?

Tukanawa kwa birika na beseni, kama kwetu. Tukazunguka sinia moja, kama kwetu. Nikaanza kujiona mwenyeji. Halafu ikaja gursha.

Gursha nilikuwa naijua, kwenye daftari. Mtu anakutengenezea tonge kwa mkono wake anakutia mdomoni, kwa mapenzi, na kadiri tonge linavyokuwa kubwa ndivyo unavyopendwa. Kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Na moja haitoshi. Kijana akanilisha la kwanza, likapita. Mamake akanilisha mawili, yakapita kwa kusukumana. Mara ya mwisho kulishwa na mtu mzima nilikuwa mkembe, lakini nikasema moyoni, utalii ndio huu.

Kisha nyanya, aliyekuwa kimya kigodani kwake na shuka yake nyeupe ya netela begani, akakunja mkono wa nguo. Watu wote wakanyamaza kwa heshima. Mimi nikaona ule mkono unavyofanya kazi na tumbo likaniambia, ndugu, mimi simo.

Alichana injera kipande cha kufunika kiganja. Akachota shiro. Akachota dengu. Akatazama, akaona halijatosha, akachukua pilipili moja ya kijani, nzima, akailaza katikati, akaifunika. Akaliviringisha taratibu, akitabasamu. Lilipokamilika lilikuwa kubwa kama hamri la Ramadhani. “Bila, bila!” akaniambia, kula mwanangu. Nikapanua mdomo. Akatikisa kichwa: panua. Nikapanua hadi taya likalia. Tonge likaingia nusu, likagota. Nyanya si mtu wa kuacha kazi njiani. Akaweka kidole nyuma yake akasukuma.

Na wakati huo huo, wafuasi wangu, ubani ukanipanda puani.

Nilijua chafya inakuja. Nilijua pia kwamba nikipiga chafya na mdomo wazi, ukoo mzima utavaa shiro. Kichwa kikapima mambo mawili kwa haraka kikatoa amri moja: funga mdomo. Nikafunga. Kwa nguvu. Nikasikia meno yakipita kwenye injera, laini. Yakapita kwenye pilipili, kwaa. Yakafika kwenye kitu kingine ambacho hakikuwa injera wala pilipili, kilikuwa na joto lake, na kilikuwa kinajaribu kutoka.

Nikafungua macho. Nyanya alikuwa ananitazama kwa karibu sana. Hakupiga kelele. Alisema “eh” fupi, ya mtu aliyekalia ufunguo. Mimi niliganda. Watu wananiuliza mbona sikuachia hapo hapo, na jibu ni kwamba nikiachia napiga chafya. Kwa hivyo tukabaki vile, mimi na nyanya wa watu, kidole chake mdomoni mwangu, tunatazamana, na pilipili ndiyo kwanza inaanza kunifikia. Machozi yakanitoka. Nadhani yeye alifikiri nalia kwa majuto. Yule mtoto wa ukutani akauliza kitu kwa Kiamhari, na hakuna aliyemjibu.

Mwishowe akachomoa kidole mwenyewe, kwa ufundi, kama aliyezoea mbuzi. Nikataka kuomba radhi. Neno nilikuwa nalo, yikirta, nimelifanyia mazoezi. Likatoka pamoja na chafya. Netela ilikuwa nyeupe. Sisemi zaidi.

Yaliyofuata ni mafupi. Kidole kikatiwa maji, hakikutoka damu. Mama akacheka mpaka akatoka nje, kijana akafuata, nyanya akawa wa mwisho kucheka na ndiye aliyechelewa kunyamaza. Netela nikaambiwa niiache, itafuliwa. Kahawa ikakaangwa upya mbele yangu, nikanywa vikombe vyote vitatu, kwa sababu cha tatu ndicho cha baraka na mimi nilizihitaji. Kabla sijaondoka nyanya akanilisha tena, mara hii kwa kijiko. Usiku nikamtumia rafiki yangu wa Likoni habari hii kwa siri. Kwa siri!

Leo mwanafunzi wangu ameniandikia Kiswahili. Ngeli zote zimekaa sawa, nimekagua kila neno na sina pa kusahihisha: “Nyanya anauliza, kidole chake kilikuwa na chumvi ya kutosha? Anasema uje tena Jumamosi. Atavaa glavu.”

Saa mbili, kaandika. Sijui niende saa ngapi.